Ndoa Isiyo na Posa

Mwaka 2005 Bunge letu liliibadilisha Katiba ya 1995, na ndani ya sheria moja ya mabadiliko likafanya mambo matatu ambayo watu hawana mazoea ya kuyataja pamoja. Liliondoa ukomo wa vipindi vya rais. Likakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Na katika ibara ya 31 likapachika kijifungu kifupi: ndoa kati ya watu wa jinsia moja ni marufuku.

La kwanza lilipigiwa kelele mpaka makoo yakakauka. La pili, letu sisi wa Kiswahili, lilitiwa kabatini, na miaka 17 ikapita kabla Baraza la Mawaziri halijaamua, Julai 2022, kwamba lugha hii ifundishwe shuleni kwa lazima. La tatu lilipita kimya. Mlango ulitiwa komeo wakati hapakuwa na mtu aliyebisha hodi.

Tangu hapo kila tunapozungumza juu ya mapenzi ya jinsia moja, neno ndoa ndilo linalotangulia. Ukisema kijana asipigwe sokoni kwa sababu ya mwendo wake, unajibiwa: "Kwa hiyo unataka wanaume waoane?" Ukiuliza kwa nini mgonjwa anaogopa kwenda kliniki, jibu ni lilelile. Neno moja limekuwa kama lile turubai la lori la mpakani: huwezi kujua limefunika mchele au magendo mpaka ulifunue.

Nitangulize la kwangu, maana Sheria ya Kupinga Ushoga ya 2023 inampa hadi miaka 20 jela mtu anayehamasisha ushoga, na mipaka ya neno kuhamasisha hakuna aliyeipima kwa kamba. Makala hii haimhamasishi mtu kwa lolote. Mimi ni Mwislamu wa Busia, mji wa mpakani na Kenya, nilioa kwa mahari na khutba, na katika dini yangu sioni nafasi ya ndoa ya wanaume wawili. Hilo nimelisema. Sasa tufunue turubai.

Anza na madai ya wapenzi wa jinsia moja mahakamani, kwa sababu huko mtu husema anachotaka na kinaandikwa. Kesi iliyoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2008 ilitokana na kiongozi wa LC, yaani baraza la mtaa, aliyeingia nyumbani kwa watu na kuchukua karatasi zao. Waliomba nyumba yao iheshimiwe kama nyumba za wengine. Mwaka 2010 walishtaki gazeti la Kampala lililochapisha picha na majina ya watu pamoja na mwito wa kuwanyonga. Waliomba picha zisichapishwe, na mwanzoni mwa Januari 2011 ikatangazwa kwamba wameshinda. Wiki tatu hivi baadaye David Kato, mmoja wa walalamikaji, alipigwa nyundo hadi kufa nyumbani kwake Mukono. Muuaji alifungwa miaka 30, na sababu ya mauaji yale inabishaniwa mpaka leo. Zikafuata kesi za kupinga sheria yenyewe, na kesi ya kutaka jina la shirika lao lisajiliwe, ambayo walishindwa. Nyumba, picha, jina, roho. Katika madai hayo yote cheti cha ndoa hakimo.

Na ndoa tunayoilinda, tunaijali kiasi gani? Hapa ndipo ninapoona mjadala wetu una uongo ndani yake. Sheria zetu za ndoa ni za kale: ya mwaka 1904, ya 1906 ya Waislamu (ambao ndani yake bado tunaitwa "Wamohamedi"), ya 1961 ya Wahindu, na ya 1973 ya kusajili ndoa za kimila. Lakini pita nyumba kwa nyumba katika mtaa wowote wa kupanga, iwe Busia, Mbale au Kisenyi ya Kampala, uulize nani ana cheti. Wengi wanakaa tu. Ndivyo tunavyosema: "wanakaa". Mwanamke anapika, anazaa, anachangia matofali ya kiwanja kijijini, na siku mwanaume akifa ndugu wa marehemu wanafika na pikapu. Mswada wa Ndoa na Talaka ulikuwa umegusa jambo hilo, mali ya watu wanaokaa pamoja bila kufunga ndoa. Mwaka 2013 wabunge wa chama tawala waliuweka kando baada ya kurudi majimboni na kusikia wapiga kura wakiukataa. Mwaka uleule, tarehe 20 Desemba, Bunge lilelile likapitisha Sheria ya Kupinga Ushoga kwa jina la kuilinda familia.

Soma tena aya hiyo polepole, kama mimi nilivyolazimika kuisoma. Mwanamke mwenye watoto wanne na matofali yake aliambiwa asubiri. Harusi ambayo hakuna aliyeipeleka posa ikapata ulinzi wa haraka. Hata mahari, jambo linalowagusa watu wetu mfukoni kabisa, hatukulisogeza kupitia Bunge. Ni Mahakama ya Juu, Agosti 2015, iliyosema kumdai mwanamke arudishe mahari ndipo aachike ni kinyume cha Katiba. Sheria ya 2013 yenyewe ilianguka tarehe 1 Agosti 2014, na haikuangushwa na haki za mtu yeyote. Mahakama ya Katiba ilikuta kwamba siku ya kupiga kura akidi haikutimia. Waliokuwa na uchungu na familia hawakufika kazini wa kutosha.

Hoja inayopendwa kuliko zote ni ya ugeni: jambo hili si letu, limeletwa. Kwa mtu wa Busia hoja hii ina vituko. Ukivuka hatua chache kutoka Busia ya Uganda kuingia Busia ya Kenya, mtu wa kabila la Wasamia yuleyule, mwenye shangazi huku na mjomba kule, anabadilishiwa adhabu: kule miaka 14, huku maisha, na kwa baadhi ya hali kifo. Mila ni moja, shangazi ni yuleyule. Kilichotofautiana ni vitabu viwili vya sheria, na vyote viwili baba yao ni mmoja. Maneno "kinyume cha maumbile" Waingereza waliyaandika India mwaka 1860, kifungu cha 377, wakatembea nayo koloni hadi koloni mpaka yakaingia katika Kanuni ya Adhabu ya Uganda ya mwaka 1950. Wenyewe waliyaacha, Uingereza na Wales, mwaka 1967. Sisi tumeyashika kama urithi wa babu.

Mpinzani mwerevu ataniambia: haya basi, Uingereza si ilianza hivyohivyo? 1967 wakafuta adhabu, 2014 wakafungishana ndoa. Hoja hii ina uzito, nami siwezi kuipuuza. Lakini kutoka hatua ya kwanza hadi ya pili ni miaka 47, na wengine wameanza safari hiyo bila kufika. India, mwenye kifungu chake, Mahakama yake ya Juu iliondoa adhabu mwaka 2018, na Oktoba 2023 mahakama hiyohiyo ikakataa kuitambua ndoa ya jinsia moja. Msumbiji iliondoa adhabu 2015, mahakama ya Botswana ikafanya hivyo 2019. Hakuna ndoa hiyo kwao. Afrika Kusini, iliyoiruhusu 2006, iko peke yake barani. Na hapa kwetu kile kijifungu cha 2005 kimo ndani ya Katiba. Kukitoa kunataka theluthi mbili ya wabunge wote. Tarehe 21 Machi 2023, mswada wa kupinga ushoga wa Asuman Basalirwa, mbunge wa Bugiri, ulipopigiwa kura, wabunge 389 walikuwa ukumbini na waliopinga walikuwa wawili. Anayeogopa kwamba harusi hiyo iko njiani apige hesabu aone imebakiza safari gani.

Halafu kuna Namugongo. Kila tarehe 3 Juni mahujaji wanatembea kwa miguu, wengine kutoka Kenya wakipita hapahapa kwetu, kwenda kuwakumbuka vijana Wakristo wa ikulu waliouawa na Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, miaka ya 1885 hadi 1887. Mahubiri yanasema sababu mojawapo ni kwamba walimkatalia mfalme mambo ya mwili. Kisa kile kina siasa na dini zilizosokotana, na sehemu kubwa ya maandishi yake ni ya wamisionari waliokuwa upande mmoja wa ugomvi. Lakini anayesimulia kisa hicho asubuhi hawezi jioni kusema jambo hili liliingia juzi na mashirika ya Ulaya. Wapo walioona shimo hilo wakaliziba: Kabaka, wanasema, aliharibiwa na Waarabu na Waswahili wa pwani. Asanteni sana. Kwa hiyo sisi wenye lugha hii tulileta sabuni, vitambaa, dini, watumwa tukachukua, na hilo nalo juu. Ugeni ni mpira wa makaratasi; kila anayepigiwa humpigia jirani. Kiswahili chenyewe kiliitwa cha wageni, cha askari na wezi, na Amin alipokitangaza lugha ya taifa mwaka 1973 wengi walizidi kukiogopa kwa sababu yake.

Hasira yenyewe nayo ilikuwa na viza. Machi 2009 wahubiri wa Kimarekani, Scott Lively akiwamo, walifundisha semina Kampala juu ya hatari ya ushoga. Oktoba mwaka huo mbunge David Bahati akapeleka mswada wake, wenye adhabu ya kifo. Ila sikubaliani na wanaosema Wamarekani ndio waliotufundisha chuki. Hiyo ni dharau, kana kwamba Mganda hawezi kukosea kwa akili yake mwenyewe mpaka aletewe mwalimu.

Na wafadhili? Benki ya Dunia ilisimamisha mikopo mipya Agosti 2023, ikairudisha mwaka 2025, sheria ikiwa bado ipo. Katikati hapo hakuna mbunge aliyelala njaa. Kila fedha inaposhikwa, mwenye hoja ya ugeni hupata mhubiri mwingine wa bure.

Juu ya watoto nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hapa sina mabishano. Anayemchezea mtoto afungwe. Lakini kabla mtu hajaniambia kwamba sheria ya 2023 ndiyo iliyokuja kuwalinda, namkumbusha marekebisho ya Kanuni ya Adhabu ya 2007: yanamtia hatiani mtu yeyote anayemwingilia aliye chini ya miaka 18, wa kike au wa kiume, na kwa hali mbaya zaidi adhabu ni hadi kifo. Sheria ilikuwapo. Ambacho hakikuwapo ni mafuta kwenye gari la polisi na nauli ya mama wa mtoto kurudi mahakamani mara ya tano.

Sasa dini, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiyo inayotuongoza wengi na ndiyo inayotajwa kwa haraka kuliko inavyosomwa. Kurani inayolaani kitendo cha watu wa Luti ndiyo hiyohiyo ambayo katika Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana, na katika An-Nur, aya ya 4, inaamuru viboko 80 kwa anayewazulia wanawake zinaa bila mashahidi wanne. Shehe aliyenifundisha alipenda kuuliza: ni mashahidi gani wanne wataona kitu kile kwa macho, kama mtendaji hakukifanya barabarani? Swali lilikuwa linatufundisha kufunga mdomo. Kwa Wakatoliki, Papa Francis Januari 2023 alisema kuwa hivyo si jinai, huku akikubali kwamba ni dhambi, akataka dhambi na jinai zitenganishwe. Hata Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, lile la Kianglikana, Stephen Kaziimba, aliyeishukuru sheria iliposainiwa Mei 2023, alisema kanisa lake haliungi mkono adhabu ya kifo.

Waswahili tuna neno la jambo hili: stara. Siri ya mtungi aijuaye kata. Katika mtaa niliokulia alikuwako fundi wa kushona ambaye kila mtu alijua na hakuna aliyesema. Alishona nguo za harusi, alialikwa harusini, alipokufa alioshwa na kuzikwa kama wengine. Mama zetu waliitana "shoga" mbele yake, kwa maana ile ya zamani ya mwanamke na rafiki yake, na hakuna aliyecheka.

Stara ile imeuawa kutoka pande mbili. Wanaharakati walisema kunyamaza ni kifungo, tajeni mnachokiona, na wakajipa jina lao, kuchu. Bunge likasema tajeni, kisha mtoe taarifa polisi. Mswada wa 2023, kama ulivyopita mara ya kwanza, ulimtaka jirani amripoti jirani. Stara ilipoondoka palifunguka biashara ya vitisho: toa pesa au nikutaje.

Naijutia, lakini siisifii kupita kiasi. Stara ilikuwa na mlipaji, na mlipaji alikuwa fundi yule, aliyenunua heshima yake kwa kutosema hata neno moja la kweli juu ya maisha yake. Walilipa pia wanawake walioolewa na wanaume waliotafuta kificho. Na nchi hii inajua kwa gharama kubwa kwamba kunyamaza huua. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alisimama akasema ana UKIMWI. Kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa amekufa. Watu walimtukana, wengine wakasema anatafuta pesa. Lakini tukaanza kusema, na maambukizi yaliyokuwa takriban asilimia 18 mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalishuka hadi karibu 6 miaka kumi baadaye. Hakuna aliyeuliza kwanza kama mgonjwa ameupata kwa ndoa halali. Sheria ya 2023 iliposainiwa, UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, na mashirika yanayolipia dawa zetu yalionya kwamba watu wameanza kuogopa vituo vya afya. Kirusi hakisomi gazeti la serikali.

Juni 2023, siku chache baada ya sheria kutangazwa, jirani yangu mmoja mwenye vyumba sita vya kupangisha, mzee tunayemwita Haji, aliwatoa vijana wawili. Mmoja alikaanga chapati, mwingine alisukuma mkokoteni mpakani. Walikuwa wamechangia chumba kimoja na kodi moja kama vijana wengi wa Busia, na kwa kuwa kitanda ni ghali, walikuwa na kimoja.

"Haji, wana kosa gani?" nilimuuliza.

"Sijasema wana kosa, mwalimu. Ila kitanda ni kimoja."

"Si hata sisi madrasa tulilala watatu kwenye mkeka mmoja?"

"Wakati ule," akasema, "mkeka haukuwa na kifungu cha sheria."

Alikuwa amesoma vizuri kuliko mimi. Kifungu cha 9 kilimpa mwenye nyumba hadi miaka 10 akiruhusu kwa kujua nyumba yake itumike kwa jambo lile, na Haji, akiwa na miaka 71, hakutaka kueleza mahakamani alijua nini na hakujua nini. Walikuwa nani wale vijana? Sijui, wala Haji hakujua, na ndiyo maana aliwatoa. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya watu wachache ilimfikia kwanza maskini anayechangia shuka.

Tarehe 3 Aprili 2024 majaji watano wa Mahakama ya Katiba, wakiongozwa na Naibu Jaji Mkuu Richard Buteera, walikataa kuitengua sheria yote, lakini walifuta vipande vinne, kifungu cha 9 kikiwamo na kile cha kutoa taarifa. Nilimpelekea Haji habari hiyo baada ya swala ya alasiri. Nikamwambia kile kilichomtisha hakipo tena. Wale vijana, kama bado wako mjini, wanaweza kurudi.

"Chumba kimeshapata watu," alisema. "Nimempa mtu na mkewe. Watu wa heshima."

"Wameoana wapi, Haji? Msikitini au kanisani?"

Akanitazama kidogo, kisha akacheka mpaka kofia ikasogea.

"Hao? Wanakaa tu."